Nyumba ya Kilimani Pwani: Lipia Njia ya Maji Kabla ya Kulipia Urembo

Ukivuka daraja la Kilifi na kutupa macho kwenye kriki, utaona nyumba kubwa zimekaa juu ya jabali, baraza na vioo vyake vikitazama maji. Ukipanda kigongo cha Vipingo utakuta nyingine. Hata Shela kule Lamu, nyumba zilizo juu zimepanda mteremko wa mchanga ili zipate upepo. Wengi wa wenye nyumba hizi hawaishi humo mwaka mzima. Mmoja yuko Nairobi, mwingine Uingereza, mwingine yuko kazini Ghuba. Kazi ya nyumba huendeshwa kwa simu: picha inaingia WhatsApp, fundi anapiga, pesa inatumwa.

Ndiyo maana leo tunazungumzia ukarabati. Sisi kazi yetu ni malipo, hatuchanganyi saruji. Lakini mtu anayelipa bila kujua analipia nini hulipa mara mbili. Na kwenye mteremko kuna jambo zaidi ya pesa: kosa lako la juu humwangukia jirani wa chini.

Ukimaliza somo hili utaweza kufanya mambo matatu:

1. Kupanga ukarabati kwa utaratibu unaofaa kilima cha Pwani.
2. Kumuuliza fundi maswali sahihi kabla hujatuma shilingi.
3. Kugawa malipo kwa hatua ili kila pesa ifuate kazi iliyoonekana.

1. Anza na maji

Pwani yetu ina misimu miwili ya mvua. Masika huanza mwezi wa tatu au wa nne na kwa kawaida mwezi wa tano ndio mzito zaidi. Vuli huja kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Waliokuwepo wakati wa El Niño ya 1997 au ile ya 2023 wanajua vuli nayo inaweza kukasirika.

Sasa tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme paa lako lina mita za mraba 250, na usiku mmoja wa mwezi wa tano imenyesha milimita 60. Hizo ni lita 15,000. Uzito wake ni tani 15, na zimeshuka kutoka kwenye paa lako peke yake, kabla hatujahesabu maegesho ya gari, baraza na njia uliyotandika mawe.

Kwenye kiwanja tambarare maji hayo hutuama, unalalamika siku mbili, yanakauka. Kilimani hayatuami. Yanatafuta njia, na njia rahisi ni udongo uliofukiwa ulipojengwa msingi. Yakishapita humo msimu mmoja, msimu wa pili mfereji ni mpana zaidi. Msimu wa tatu baraza limeanza kuachana na nyumba.

Kwa hivyo kabla ya kigae kipya, kabla ya taa za bustani, uliza: maji ya paa hili yanaenda wapi? Jibu liwe la kuonyeshwa kwa kidole. Gata za paa ziwe pana na zenye mteremko, mabomba ya kushusha maji yasiishie ukutani, na mfereji wa juu ya nyumba uyakate maji ya kilima kabla hayajafika kwenye msingi. Mfereji huo uishie mahali salama, si kwenye ua wa jirani. Fundi akikuambia "bosi, hayo maji yatajiendea tu", usitume pesa bado.

Jua pia umekaa juu ya nini. Karibu na bahari sehemu kubwa ni jabali la matumbawe, gumu, lakini lina mapango na nyufa ambamo maji hupotea na kutokea kwingine. Ukienda ndani kidogo unakutana na mchanga mwekundu, ambao mvua huuchukua upesi. Nyuma ya Mombasa, kuelekea Rabai, kuna miamba laini ya tope ambayo ikilowa huteleza. Michoro ya nyumba ya rafiki yako wa Nyali haiwezi kukuambia kiwanja chako kiko kundi gani. Anayeweza ni mhandisi aliyechimba shimo la majaribio kwako.

2. Ukuta wa kuzuia udongo

Hapa ndipo pesa nyingi huzikwa, na ndipo hatari iko. Ukuta wa kuzuia udongo ukianguka, kwa kawaida aliyeuangusha ni maji yaliyokwama nyuma yake. Udongo mkavu unasukuma, lakini udongo uliojaa maji unasukuma zaidi sana.

Ukuta mzuri una vitu ambavyo hutaviona ukishakamilika: tabaka la kokoto nyuma yake, kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe kokoto, bomba lenye matundu chini kabisa, na matundu ya kutolea maji usoni mwa ukuta. Ukiona ukuta wa mawe umenyooka vizuri, umepigwa plasta safi, na hauna tundu hata moja, usiusifu. Uliza maji yanatokea wapi.

Ukuta ukizidi kimo cha kifua cha mtu mzima, au ukibeba barabara, bwawa au nyumba juu yake, hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi Kenya, na mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kaunti nayo inataka iidhinishe michoro. Na kama kiwanja kinashuka hadi kwenye kriki, usianze ukuta wala ngazi za kufika majini kabla ya kuuliza kaunti na NEMA.

Pale ambapo mteremko ni wa wastani, mimea hufanya kazi kubwa kwa bei nafuu. Nyasi za vetiva zikipandwa kwa mistari inayokata mteremko, mizizi yake hushuka mita mbili hadi tatu na kushika udongo. Na kabla hujaamuru miti ikatwe ili bahari ionekane vizuri, kumbuka mizizi hiyo ndiyo imeshika kilima. Punguza matawi, acha shina.

3. Chumvi hula kimyakimya

Nyumba ya juu hupata upepo mwingi, na upepo wa Pwani hubeba chumvi. Kusi huvuma kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa tisa, kaskazi hushika kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu. Kwa hivyo karibu mwaka mzima kuna upande wa nyumba unaopigwa.

Adui mkubwa wa chumvi ni nondo iliyo ndani ya zege. Nondo ikishika kutu hufura, na ikifura inapasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa umefuata mstari wa boriti, na una doa la rangi ya kahawia, usikubali upakwe rangi tu. Zege bovu linabanduliwa, nondo inasafishwa au kubadilishwa, kisha inafunikwa upya. Kwenye hewa ya bahari nondo inahitaji kufunikwa na zege la milimita 40 hadi 50. Na mchanga wa ufukweni usiingie kwenye mchanganyiko hata kama lori liko karibu na bei ni nzuri, kwa sababu unaleta chumvi ndani ya nyumba kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa reli za baraza, bawaba na skrubu, ukiambiwa "ni stenlesi" uliza ni namba gani. 304 inatosha jikoni. Nje, mbele ya bahari, dai 316, ambayo imeongezwa madini ya kustahimili chumvi. Bei ni juu, lakini ya 304 ikianza madoa ya kutu utalipa fundi tena kuja kuing'oa.

Mbao nazo zichaguliwe. Mafundi wa Lamu walichonga milango kwa mbambakofi na mvule kwa sababu hustahimili hali ya Pwani. Mbao laini isiyotiwa dawa itakuwa karamu ya mchwa.

4. Nyumba ipoe kabla ya kununua viyoyozi

Mombasa na jirani zake hushika joto zaidi kati ya mwezi wa pili na wa tatu, mara nyingi nyuzi 32 na zaidi mchana, na unyevu juu yake. Watu wengi hukimbilia kiyoyozi kila chumba. Linganisha kwanza: feni ya dari hula wati 50 hadi 75 hivi, kiyoyozi cha chumba cha kawaida kinaweza kula wati 1,000 kikiwa kinafanya kazi. Kwa matumizi ya kiyoyozi kimoja ungeendesha feni zaidi ya kumi.

Nyumba za kale za Waswahili zilikuwa na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba na madirisha yanayopisha upepo. Mantiki hiyo bado inafanya kazi:

- Paa litokeze nje vya kutosha ili jua na mvua visipige ukuta.
- Kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa jua zaidi, kwa hivyo vioo vikubwa visikae huko bila kivuli.
- Kila chumba kipate tundu la kuingiza upepo na la kuutoa upande wa pili.
- Paa jeupe au la rangi hafifu hurudisha jua; paa jeusi hulimeza.
- Makuti yanapoza vizuri sana, lakini yanabadilishwa kila baada ya miaka michache na yanashika moto upesi. Yasikae karibu na jiko la mkaa.

Ukishafanya haya, weka kiyoyozi vyumba vya kulala vinavyohitaji, na uulize kama kitengo cha nje kimepakwa kinga ya chumvi.

5. Tangi, sola na bwawa

Zile lita 15,000 za usiku mmoja zinaweza kukufaa. Maji ya mfereji hayatabiriki maeneo mengi ya Pwani, na visima vingi vina chumvi. Tangi la kuvuna maji ya paa huondoa mzigo kwenye mteremko na kukupa maji matamu. Ila tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10. Liwekwe juu ya msingi wake, mbali na ukingo, na bomba la kumwaga ziada lielekezwe kwenye mfereji. Tangi lililojaa ambalo linamwagikia nyuma ya ukuta ndilo linaloumaliza ukuta.

Sola inafaa sana huku. Kilifi iko karibu nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, kwa hivyo paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe. Zisafishwe chumvi wakati wa kiangazi. Anayezifunga awe na leseni ya EPRA, na fremu iwe ya alumini yenye bolti za stenlesi.

Bwawa la kuogelea tumeliweka mwisho makusudi. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, linabeba mita za ujazo 48. Hizo ni tani 48 za maji ukingoni mwa kilima, mbali na zege lenyewe. Likivuja kidogo kidogo, linalowesha mteremko usiku na mchana hata wakati wa kiangazi. Ukiulizwa ulipie bwawa kabla njia ya maji na ukuta havijakamilika, jibu ni bado.

Tusisahau shimo la maji machafu. Kilimani, maji yake hushuka chini ya ardhi kuelekea alikochimba kisima jirani. Likaguliwe na lifyonzwe kabla hujaongeza bafu.

6. Sasa malipo: pesa ifuate kazi

Hasara nyingi tunazosikia kwa wateja zinafanana. Mtu anatuma pesa nyingi mwanzoni, sehemu ya vifaa na sehemu ya ufundi zikiwa zimechanganyika, kwa simu ya mtu mmoja. Baada ya mwezi hakuna anayeweza kusema ipi ilinunua nini. Fundi anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado hesabu ikapotea.

Tutumie mfano wa ukuta wa KSh 800,000. Hizi ni namba za kujifunzia tu, si bei ya soko.

*Vifaa, KSh 480,000.* Usivipitishie kwa fundi. Vilipe moja kwa moja kwenye till au paybill ya duka la vifaa, kwa mizigo mitatu: KSh 200,000, kisha 160,000, kisha 120,000. Kila mzigo ulipwe baada ya ule uliotangulia kufika na kuhesabiwa. Dai risiti ya eTIMS kwa duka lililosajiliwa.

*Ufundi, KSh 320,000*, kwa hatua:

- KSh 40,000 kazi inapoanza, mkiwa mmetia sahihi makubaliano ya maandishi.
- KSh 80,000 msingi ukikamilika na mhandisi akiukubali.
- KSh 100,000 ukuta ukifika juu, na picha za kokoto, kitambaa na bomba zikiwa zimepigwa kabla ya kufukiwa.
- KSh 60,000 kazi ikikamilika na mahali pakiwa pamesafishwa.
- KSh 40,000 baada ya masika moja kupita na maji kuonekana yakitoka kwenye matundu.

Hiyo ya mwisho mwambieni fundi mapema na muiandike. Kwenye mikataba mikubwa ya ujenzi ni kawaida kuzuia sehemu ya malipo hadi kasoro zionekane na zirekebishwe. Fundi anayejiamini hatakataa. Nawe ukishaahidi, lipa siku hiyohiyo ikifika. Fundi naye ana watoto wa kulipia karo, na aliyecheleweshewa pesa yake hatapokea simu yako paa likivuja usiku.

Ukiwa mbali, tafuta jicho la pili: mhandisi, au mtu unayemwamini ambaye hana mgao kwenye manunuzi. Mlipe ada yake kwa kila ukaguzi. Ada hiyo ni ndogo ukilinganisha na ukuta wa kujengwa upya.

7. Tahadhari unapotuma

- Jua kikomo chako. Kwenye M-Pesa, muamala mmoja hauzidi KSh 250,000 na jumla ya siku haizidi KSh 500,000. Panga mizigo ya vifaa ikae ndani ya hapo.
- Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si la duka unalolijua, simama.
- Ukipata ujumbe "till yetu imebadilika, tuma kwa hii", usijibu ujumbe huo. Piga ile nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo, uongee na mtu mwenyewe.
- Picha ya ujumbe wa malipo si risiti. Anayepokea aangalie salio au taarifa yake.
- Nambari ya siri ni yako peke yako. Fundi, msimamizi wala mtu anayejiita mhudumu wetu haihitaji.
- Kila mwisho wa mwezi pakua taarifa ya akaunti na uiweke pamoja na picha za hatua husika. Siku ya mzozo, hizo mbili zitasema kwa niaba yako.

Jipime

1. Paa lako lina mita za mraba 180. Ikinyesha milimita 40, ni lita ngapi? (Zidisha: 7,200.) Je, mfereji ulionao unazimeza, na zinamwagikia wapi?
2. Ukuta wako una matundu ya kutolea maji? Mara ya mwisho kuyazibua ilikuwa lini?
3. Nyumba iliyo chini yako ni ya nani, na una nambari yake ya simu?
4. Kazi unayoilipia sasa, vifaa na ufundi vimetenganishwa?
5. Ni hatua gani ya kazi itafukiwa wiki hii, na ni nani atakayepiga picha?

Kama swali la kwanza na la tatu yamekushinda, anza na hayo. Mwombe mtunza nyumba atembee uani mvua ikinyesha, si baada ya kukatika, na akutumie video ya kila mahali maji yanapopita. Dakika kumi za video hiyo zitakuonyesha mahali pa kutuma shilingi ya kwanza. Ukiwa na swali kuhusu kugawa malipo kwa hatua au kupata taarifa ya miamala yako, tuandikie kupitia huduma kwa wateja, tutakusaidia kuipanga kabla masika hayajaingia.